Mwongozo wa admini: jinsi ya kuendesha mijadala ya grupu la WhatsApp isigeuke ugomvi

Maswali ni yale yale. "Nimekabidhiwa grupu la wazazi wa darasa la tano, kila jioni linawaka, nifanyeje?" "Grupu letu la wahitimu limejaa maua ya asubuhi njema, ukiuliza jambo la maana hupati jibu." "Mjumbe kamtukana mwenzake, nimtoe au nimwache?" Mwongozo huu ni wa mtu anayesimamia grupu la watu kati ya 30 na 300: wazazi wa shule, wahitimu, wakazi wa mtaa, kikundi cha kuweka na kukopa, kamati ya harusi. Tunazungumzia WhatsApp kwa sababu ndiko magrupu hayo yaliko. Telegram tutaigusa mahali inapohusika.

Shika jambo moja kabla ya kuendelea. Watu wakorofi wapo, lakini kinachoharibu magrupu mengi ni mijadala isiyofungwa. Mtu anauliza "jamani, kuhusu ile sare mnaonaje?" Watu 40 wanajibu, hakuna anayesema limeamuliwa nini, keshokutwa mwingine anauliza upya, na wa kwanza anajibu kwa hasira kwamba hilo lilishaongelewa. Ndiyo maana hatua nyingi hapa chini zinahusu kufungua na kufunga mjadala, na chache tu zinahusu adhabu.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Maadmini wenzako. Watatu kwa grupu la watu hadi 100, watano likizidi hapo. Idadi iwe witiri ili mkipiga kura pasiwe na sare. Mmoja awe mtu mzima ambaye wengine wote humwamkia shikamoo. Utaona umuhimu wake kwenye hatua ya 7. Wakiwemo watu wa nje, admini mmoja awe huko: ninyi mkilala, wa Toronto ndio kwanza anatoka kazini.
- Grupu dogo la maadmini peke yao. Kutokubaliana kwenu kuishie humo.
- Daftari, la karatasi au la kwenye simu, la kuandika tarehe, uamuzi na nani alipewa kazi gani.
- Namba ya simu ya kudumu. Aliyefungua grupu hawezi kutolewa wala kuvuliwa uadmini na wenzake mpaka atoke mwenyewe, kwa hiyo grupu lisifunguliwe na laini ya mtu anayebadilisha namba kila mwezi. Na admini akiwa mmoja tu kisha akatoka, WhatsApp humpa uadmini mjumbe yeyote bila kumchagua. Grupu la wazazi limewahi kuangukia mikononi mwa mtu asiyejua hata kubadili picha.
- Dakika 20 asubuhi na 20 usiku. Wiki mbili za mwanzo zidishe mara mbili. Kama huna muda huo, kataa uadmini mapema.

Hatua ya 1. Andika kusudi na kanuni

Kusudi liwe sentensi moja inayotaja nani, nini, na kitu gani hakimo. Mfano: "Hili ni grupu la wazazi wa darasa la tano, tunajadili masomo, ratiba na michango ya darasa hili, na hatujadili biashara, siasa wala dini." Kipande cha mwisho ndicho kitakachokuokoa. Bila hicho, kila utakapomzuia mtu atakuuliza imeandikwa wapi.

Kanuni zisizidi saba. Unaweza kuanza na hizi, kisha uzirekebishe:

1. Jibu hoja, usimjibu mtu.
2. Hakuna vijembe. Una neno na mtu? Mfuate chemba, yaani kwa ujumbe wa watu wawili tu.
3. Biashara ni Jumamosi tu, tangazo moja kwa kila mtu.
4. Habari ya msiba inaletwa na mfiwa au aliyetumwa na familia.
5. Usisambaze kitu usichoweza kusema kimetoka wapi.
6. Picha za maiti, majeruhi na watoto wa wenzako haziwekwi.
7. Saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi ni kimya, isipokuwa dharura.

Kanuni ya nne wengi huisahau mpaka siku yaharibike. Mtu anaandika "tumempoteza mzee wetu", mtoto wa mzee huyo yuko humo humo ndani, na anapata habari ya baba yake kupitia grupu la mtaa. Au mzee yuko hospitali, yu hai. Hakuna kuomba radhi kunakotosha baada ya hapo.

Makosa mawili hurudiwa hapa. La kwanza ni kanuni 25. Hakuna anayezisoma, na kila kanuni uliyoiandika inakudai uisimamie. La pili ni kuandika kanuni usiku wa ugomvi, kwa herufi kubwa, "MTU YEYOTE ATAKAYETHUBUTU". Wote wanajua anayesemwa ni nani, na hapo kanuni yenyewe imekuwa kijembe. Andika hali ikiwa shwari, iweke rasimu kwenye grupu siku tatu watu watoe maoni, ndipo ianze kazi. Kisha iweke kwenye maelezo ya grupu, pale mtu anapogusa jina la grupu juu.

Hatua ya 2. Panga ruhusa

Gusa jina la grupu, shuka hadi kwenye ruhusa za grupu. Panga hivi:

- Kubadili jina, picha na maelezo: maadmini tu.
- Kuongeza watu: maadmini tu.
- Kuidhinisha wanaoingia kwa linki: washa. Kipengele hiki kilikuja 2023, na ndicho kinachozuia watu wa "GB 50 za bure" na ajira hewa.
- Kutuma ujumbe: wote. Ruhusa hii ndiyo breki yako ya dharura, usiikanyage kila siku.

Linki ya mwaliko isibandikwe hadharani. Ikivuja, iweke upya. Ya zamani itakufa papo hapo. Na usimwingize mtu bila kumuuliza. Aliyeburutwa huanza na kinyongo, na wengine huuliza mbele ya watu wote, "nani kaniingiza humu?"

Hatua ya 3. Mkaribishe anayeingia

Kwa kawaida anayeingia leo hakuti yaliyoandikwa jana. Ndiyo sababu atauliza swali lililojibiwa wiki iliyopita, na wenyeji watamjibu kwa ukali. Mwandikie chemba maneno kama haya:

"Karibu sana, Mama Neema. Grupu hili ni la mambo ya darasa la tano. Kanuni ziko kwenye maelezo juu. Yaliyokwisha kuamuliwa: sare ya michezo ni ya bluu, mchango wa mitihani ni mpaka tarehe 15. Ukiwa na swali lolote niulize mimi hapa."

Hayo yaliyoamuliwa unayatoa kwenye daftari lako. Ujumbe mzima unachukua dakika mbili, na unazima nusu ya malumbano ya "hilo tulishaliongea".

Hatua ya 4. Fungua mjadala kwa swali lenye mipaka

Swali la "mnaonaje?" halijibiki. Ukitaka uamuzi, swali lako liwe na vitu vinne: jambo lenyewe, machaguo, siku ya mwisho, na nani atakayeamua.

Swali bovu: "Wadau, kuhusu ulinzi wa mtaa mnaonaje?"

Swali zuri: "MADA: mlinzi wa usiku. Chaguo A: mlinzi mmoja, kila nyumba 10,000 kwa mwezi. Chaguo B: walinzi wawili, kila nyumba 18,000. Chaguo C: tubaki kama tulivyo. Maoni mpaka Alhamisi saa 2 usiku. Kura Ijumaa. Kamati ya mtaa itatangaza Jumamosi asubuhi."

Andika neno MADA mwanzoni, kisha ubandike ujumbe huo juu ya grupu. WhatsApp inakuruhusu kuubandika kwa saa 24, siku 7 au siku 30, na unaweza kubandika hadi jumbe tatu. Sisi tunashauri mada moja tu kwa wakati mmoja. Mada mbili zikienda pamoja, "nakubali" ya mtu mmoja itasomwa kuwa ya mada nyingine.

Kuhusu saa, uwe mwangalifu kama mna watu wa nje. "Saa 2" kwa aliyezoea kuhesabu kwa Kiingereza inaweza kuwa saa 8 mchana. Muscat wako saa moja mbele ya Dar es Salaam na Nairobi. London wako nyuma kwa saa mbili au tatu, kutegemea majira. Andika "saa 2 usiku ya Afrika Mashariki" na ubishi utakwisha.

Kura ya ndani ya WhatsApp inachukua machaguo hadi 12. Ni nzuri kwa rangi ya sare na tarehe ya kikao. Ila jua mambo mawili: kwa kawaida kila mtu anaona nani kachagua nini, na mtu anaweza kubadili kura yake baadaye. Kwa hiyo usiitumie kuchagua viongozi au kuamua jambo ambalo mdogo ataogopa kumpinga mkubwa. Na saa ya mwisho ikifika, piga skrinishoti ya matokeo na uiweke palepale.

Hatua ya 5. Simamia mjadala unapoendelea

Hapa kazi yako inafanana na ya mwenyekiti wa kikao: unasema kidogo. Ukiwa na maoni makali kuhusu mada, mwachie admini mwenzako asimamie, nawe uchangie kama mjumbe wa kawaida.

Kila zinapofika jumbe kama 30, andika muhtasari wa mistari mitatu: "Mpaka sasa: wengi wanataka A. Hofu iliyotajwa ni malipo kuchelewa. Swali ambalo halijajibiwa: nani atamlipa mlinzi likizo?" Anayefika jioni akitokea kazini anasoma mistari hiyo, harudi nyuma jumbe 200, wala hajibu neno la asubuhi ambalo mwenye nalo alishalifuta.

Wahimize watu wajibu kwa kunukuu ujumbe wanaoujibu. Kwenye simu nyingi unauburuta ujumbe kulia. Neno "huo ni uongo" lisilo na nukuu linawapata watu sita waliotangulia kuandika.

Sasa vijembe. Lugha yetu ina utajiri mkubwa wa kumsema mtu bila kumtaja, na grupu ndilo baraza lake la kisasa. Alama yake inajulikana: sentensi inaanza na "kuna watu humu ndani..." au "wengine tukisema tunaonekana wabaya...", kisha inafuata methali au stika ya mtu anakunywa chai. Hakuna tusi, kwa hiyo admini mgeni huona hakuna kosa. Lakini mtu mmoja anajua ni yeye, na wengine watatu wasiohusika wanadhani ni wao. Sasa una wagomvi wanne. Kitu cha kufanya ni kuigeuza sentensi hiyo iwe hoja kabla haijapata jibu: "Asante, Bwana Juma. Naomba tuelewe: hoja ni kwamba risiti za mwezi uliopita hazijawekwa? Kama ndiyo, mweka hazina ataziweka leo jioni." Umemwondolea nafasi ya kuendelea na fumbo, na kama kweli ana hoja, imesikika. Usimuulize "unamsema nani?" mbele ya watu. Huo ni mwaliko.

Utani ni jambo jingine, nao usiuue. Simba na Yanga wakicheza, au Gor Mahia na AFC Leopards, hakuna kanuni itakayowanyamazisha watu. Tangaza saa za utani: tangu filimbi ya kwanza hadi saa 4 usiku, kisha basi. Mpaka ni mmoja: timu inataniwa; mke, kabila na dini ya mtu havimo.

Jumbe za sauti zisizidi dakika moja wakati wa mada. Ya dakika sita hairukwi kwa macho, inakula bando, na ndani yake kuna neno moja ambalo kila mtu atalisikia kivyake. Mzee asiyependa kuandika mruhusu, kisha admini mmoja aandike chini kwa ufupi alichosema.

Kingine kidogo: ujumbe unaweza kurekebishwa ndani ya dakika 15 tangu ulipotumwa. Mtu akiteleza neno, mwambie chemba haraka alirekebishe. Mara nyingi atashukuru.

Hatua ya 6. Funga mjadala, useme umefungwa

Siku uliyoitaja ikifika, funga hata kama watu bado wana maneno. Andika:

"MADA IMEFUNGWA: mlinzi wa usiku. Uamuzi: chaguo A, kura 41 kwa 17. Linaanza tarehe 1. Anayesimamia: mjumbe wa nyumba kumi. Tutalipitia upya baada ya miezi mitatu."

Ondoa ujumbe wa mada uliokuwa juu, bandika huu wa uamuzi kwa siku 7, nakili kwenye daftari. Kipande cha "tutalipitia upya" usikiache. Walioshindwa kwenye kura wakijua kuna siku ya kulirudia, hawataendelea kulichokonoa kila wiki.

Mtu akilirudisha mapema, usibishane naye. Nukuu ujumbe wa uamuzi, andika tarehe ya kupitia upya, nyamaza.

Hatua ya 7. Moto ukiwaka

Fuata mpangilio huu bila kuruka.

1. Ndani ya dakika tano za kwanza, andika maneno yasiyochagua upande: "Ndugu zangu, tusimame hapa kidogo. Hoja zote mbili nimeziona, nitawapigia wahusika." Usiseme nani kaanza.
2. Wasiposikia, funga kutuma kwa wote isipokuwa maadmini. Taja saa ya kufungua: "Grupu limefungwa hadi kesho saa 2 asubuhi." Ukifunga bila kutaja saa, watafungua grupu lao pembeni usiku huo huo. Saa 12 zinatosha. Usivuke siku moja. Wenye Telegram wana kifaa laini zaidi: unaweza kuweka muda wa kusubiri kati ya ujumbe na ujumbe, kuanzia sekunde chache hadi saa moja kwa kila mtu, na kasi ya ugomvi inashuka bila kumfunga yeyote mdomo.
3. Tusi lenyewe, lipige skrinishoti, litume kwenye grupu la maadmini, kisha lifute. Admini anaweza kufuta ujumbe wa mjumbe yeyote, lakini grupu litaona kwamba wewe umefuta. Kwa hiyo sema sababu kwa sentensi moja: "Nimefuta ujumbe uliokuwa na tusi. Hoja iliyokuwamo bado iko mezani."
4. Piga simu. Usiandike. Sauti ina pole ndani yake, maandishi hayana. Anza na aliyetukanwa, halafu aliyetukana. Kama mkosaji ni mkubwa wako kwa umri, usijipeleke wewe. Mtume yule admini mtu mzima. Mzee atakubali neno la rika lake, "kaka, hapa tumeteleza", ambalo kutoka kwako angelisikia kama utovu wa adabu.
5. Ukifungua grupu, fungua na mada nyingine nyepesi, au na muhtasari wa ile iliyowaka ukiwa umeondolewa majina.

Ngazi za adhabu ziwe nne, na wote wazijue: kukumbushwa chemba, onyo la maandishi chemba, kutolewa siku 7, kutolewa moja kwa moja kwa kura ya maadmini. Yapo yanayoruka ngazi zote: vitisho, picha za utupu, utapeli, na uchochezi wa kikabila au kidini. Hayo ni kutolewa saa hiyo hiyo.

Kutolewa kwenyewe kuna adabu yake. Mwambie kabla, chemba. Mtoe. Kisha andika kwenye grupu sentensi moja: "Mjumbe mmoja ametolewa kwa siku 7 kwa kuvunja kanuni ya 2." Anayeanza kumjadili aliyetoka mzuie, hayupo kujitetea. Na akirudi, usimlazimishe kuomba radhi hadharani. Radhi ya kulazimishwa huja na kijembe ndani.

Hatua ya 8. Vitu vya kusambazwa

Angalia mishale juu ya ujumbe. Mmoja maana yake umesambazwa. Miwili maana yake umepita mikono mingi, na WhatsApp yenyewe imeuzuia usipelekwe zaidi ya mahali pamoja kwa mara moja. Kwenye grupu lako, ujumbe wa mishale miwili uwe na masharti: aliyeuleta aseme ameutoa wapi na kwa nini unatuhusu. Hana jibu, unafutwa. Ukiwa na shaka na habari kubwa, tafuta kama wakagua habari wa JamiiCheck au PesaCheck wameipitia kabla hujaiacha ikae.

Waambie wajumbe mapema kwamba grupu si chumbani. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, inayogusa taarifa za uongo, na Kenya ina ya kwake ya 2018. Kenya pia ina sheria ya 2008 ya uwiano na utangamano wa kitaifa, inayoshughulikia maneno ya chuki za kikabila. Msimu wa uchaguzi, kumbusha hili mara moja kwa wiki, kwa upole.

Hatua ya 9. Michango

Fedha ndiyo inayovunja magrupu kuliko siasa, na chanzo mara nyingi ni orodha. Mnajua mchezo: mtu ananakili orodha, anaongeza jina lake namba 23, anatuma. Dakika hiyo hiyo mwingine alikuwa ameshanakili ile ya zamani, naye anajiandika namba 23. Jina la kwanza limepotea. Jioni aliyelipa anaulizwa kwa nini hajalipa.

Orodha iwe na mtu mmoja wa kuigusa, mweka hazina peke yake, na aitoe mara mbili kwa siku, saa 2 asubuhi na saa 2 usiku. Juu iandikwe tarehe, saa na jumla. Namba ya kupokelea ibandikwe juu na jina linalotokea mtu anapotuma; akiona jina jingine asitume. Orodhesha waliotoa, usiorodheshe ambao hawajatoa. Hao wafuate chemba, maana hujui nani kafukuzwa kazi juzi. Kwenye msiba, fikiria kutoandika viwango kabisa: majina tu, na jumla chini.

Yakikwama

Grupu limekufa, hakuna anayejibu. Usiulize grupu zima. Waombe watu watatu chemba waanze, kisha uliza swali la kuchagua A au B. Wengi wanasoma kimya na hawataki kuwa wa kwanza.

Mtu mmoja anaandika kila kitu. Mpe kazi: atunze muhtasari wa mada, au akusanye maswali. Anayependa kuonekana akipewa wajibu hupunguza maneno. Akikataa, mwekee ukomo wa jumbe tatu kwa mada.

Maua, dua za kila asubuhi na video za vichekesho. Usizipige marufuku ghafla. Kwa baadhi ya wazee ndiyo namna ya kusema nimeamka salama. Fungua grupu la pili la salamu na soga, hamishia huko, lile la kwanza libaki la mada. WhatsApp ina jumuiya zinazokuwezesha kuyaweka magrupu hayo chini ya paa moja.

Skrinishoti imevuja nje. Usianze msako. Hutampata, na kila mtu atamshuku jirani yake. Tangaza kwamba imevuja, mwombe radhi aliyeanikwa, na tangu siku hiyo mambo ya majina ya watu yahamie kwenye kikao cha ana kwa ana.

Mjumbe anaomba fedha kwa dharura, lugha si yake. Huenda akaunti imetekwa. Mpigie kwa simu ya kawaida. Mtoe kwanza, tangaza asitumiwe fedha, umrudishe akiipata akaunti yake. Wakumbushe wote kwamba ile namba ya siri ya tarakimu sita inayokuja kwa SMS haombwi na rafiki.

Watu wanatoka kimya kimya. Siku hizi mtu akitoka, taarifa huwafikia maadmini tu, na orodha ya waliotoka inabaki kuonekana kwa siku 60. Ipitie kila mwezi. Wakitoka watano wiki moja, waulize wawili sababu. Mara nyingi watasema wingi wa jumbe, ugomvi hawautaji hata kidogo.

Admini ndiye mgomvi. Wenzake wamvue kwa kura kwenye grupu lao, mwezi mmoja, na yeye abaki mjumbe. Akiwa ndiye mwanzilishi wa grupu na hataki, hamna kitufe cha kumwondoa. Fungueni grupu jipya, hamisheni watu kwa utaratibu, mkiandika sababu kwa mistari miwili isiyo na jina lake.

Shughuli imekwisha, grupu bado lipo. Hili ni la kamati za harusi na misiba hasa. Weka taarifa ya mapato na matumizi, acha siku 14 za maswali, kisha funga kutuma kwa wote isipokuwa maadmini. Hifadhi nakala ya mazungumzo, mpe mweka hazina na mwenye shughuli kila mmoja yake, ndipo uwatoe wajumbe. Wewe toka mwisho.